Ghorofa za nyongeza ni mali ya umma, zisigawiwe kimyakimya

Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria kati ya Kimara na Kivukoni Mei 2016. Njia hiyo, pamoja na matawi yake ya Kariakoo na Morocco, ina urefu wa kilometa 20.9, na sehemu kubwa ya fedha zilizoijenga ni mkopo unaolipwa na kila Mtanzania, hata mkulima wa Nkasi ambaye hajawahi kuliona basi lenyewe. Tangu siku hiyo kiwanja kilicho hatua mia mbili kutoka kituo cha Manzese, Magomeni au Shekilango si kiwanja kilekile. Thamani yake imepanda bila mwenyewe kuongeza hata tofali moja. Swali ambalo halmashauri za Dar es Salaam zimelikwepa miaka yote hii ni hili: nani anufaike na kupanda huko, na kwa masharti gani?

Jibu la gazeti hili halina kigugumizi. Kandokando ya mwendokasi jiji lijengwe kwenda juu, na halmashauri zitoe motisha ya wazi, yaani ruhusa ya ghorofa za nyongeza, kwa yeyote aliye tayari kujenga hivyo. Lakini motisha hiyo iwe na bei. Bei hiyo iandikwe kwenye kanuni ambayo mwananchi yeyote anaweza kuisoma, na malipo yake yarudi kwa umma kama mabomba, njia za waenda kwa miguu na vyumba ambavyo mtu wa kipato cha chini anaweza kuvipanga. Kutoa ghorofa za nyongeza faili kwa faili, mwombaji kwa mwombaji, bila kanuni ya malipo wala daftari la wazi, ni kugawa mali ya umma. Utaratibu huo ukome.

Sababu za kwenda juu zimo kwenye hesabu za Serikali yenyewe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Katika miaka kumi mkoa umepokea zaidi ya watu milioni moja, na wengi wao wamekwenda kule walikopata kiwanja cha bei nafuu: Chanika, Msongola, Bunju, Kibamba, Chamazi. Wamefika kabla ya barabara, kabla ya maji ya DAWASA, kabla ya zahanati na shule. Serikali huwafuata miaka kadhaa baadaye, ikivuta bomba refu kuhudumia nyumba chache, ikifungua barabara katikati ya nyumba zilizokwisha kujengwa, na ikilipa fidia ambazo zisingekuwapo kama mpango ungetangulia.

Serikali iliwahi kuhimiza kusambaa huko. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima viwanja Mbweni, Bunju, Kibada, Tuangoma, Buyuni na kwingineko. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa wananchi walikuwa wakijenga holela kwa kukosa viwanja vilivyopimwa. Viwanja vikapimwa vingi kuliko vilivyokusudiwa. Hata hivyo kila kimoja kilipimwa kwa nyumba moja na familia moja, mbali na kazi, mbali na soko, na vingi vilibaki vichaka kwa miaka huku wenyewe wakisubiri bei ipande. Jiji likapanuka bila kujaa.

Anayelipia kosa hilo ni mwenye kipato kidogo. Mfanyakazi wa usafi katika ofisi za Posta anayeishi Msongola huamka saa kumi alfajiri, hupanda magari mawili au matatu, na sehemu kubwa ya mshahara wake huishia mikononi mwa makondakta. Jioni hurudi watoto wamekwisha kulala. Huyu ndiye anayestahili kuishi karibu na kituo cha mwendokasi kuliko mtu mwingine yeyote, na ndiye ambaye mipango yetu imemsukuma mbali zaidi.

Sasa simama juu ya daraja la waenda kwa miguu la Manzese saa moja asubuhi. Chini yako mabasi ya mwendokasi yanapita yakiwa yameshiba hadi mlangoni. Kulia na kushoto, hatua chache kutoka kituoni, unaona mabati yenye kutu ya nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, uani choo kimoja na jiko la pamoja. Kila chumba kina kaya yake. Vyumba vya mbele vimekuwa saluni, duka la vipodozi, kibanda cha wakala wa fedha za simu. Mpangaji hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na akishindwa, dalali ameshamleta mwingine. Watu hawa wamebanana, lakini wamebanana chini, katika nyumba ambayo haiwezi kuongezwa chumba cha saba. Ardhi iliyo karibu kabisa na usafiri bora wa jiji ndiyo inayobeba nyumba zisizo na hata ghorofa moja.

Mfano wa jinsi mambo yanavyoweza kuwa tofauti hauko mbali na hapo. Magomeni Kota palikuwa na kaya 644 katika nyumba chakavu za umma. Wakazi waliondolewa, nyumba zikabomolewa, na kwa karibu miaka kumi wakahangaika kwenye nyumba za kupanga. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza wajengewe upya na wakae miaka mitano bila kulipa kodi. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua majengo ya ghorofa yaliyojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania, na familia zilezile zikarudi. Mradi huo unatufundisha mambo mawili. La kwanza, ile hoja kwamba watu wa Uswahilini hawawezi kuishi ghorofani imekufa, kwani wanaishi, wanaanika nguo, wanalea watoto na wanazikana kama walivyokuwa wakifanya chini. La pili, miaka kumi ya kusubiri ni aibu ambayo haipaswi kurudiwa. Anayetolewa ili jiji lijengwe aandikiwe haki yake ya kurudi kabla nyundo ya kwanza haijagonga ukuta.

Tatizo ni kwamba motisha tulizonazo leo zinavuta upande wa pili. Kodi ya majengo ilipohamishiwa kwenye malipo ya umeme ya LUKU mwaka 2021, nyumba ya kawaida ilipangiwa Sh12,000 kwa mwaka, na nyumba ya ghorofa Sh60,000 kwa kila ghorofa. Maana yake ni kwamba anayejenga juu na kuhifadhi ardhi hulipa zaidi kwa kila sakafu anayoiongeza, iwe Magomeni au pembezoni mwa mji, wakati aliyezungushia ukuta kiwanja kitupu karibu na kituo cha Shekilango halipi kodi hiyo hata senti, kwa kuwa hana jengo. Tumemwadhibu mjenzi na kumlinda mlanguzi wa ardhi. Masharti ya maegesho nayo yanamlazimisha mjenzi achimbe chini na kutenga nafasi za magari hata pale ambapo wakazi watarajiwa wanapanda basi. Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anajua mwisho wa maegesho hayo: yamegeuka stoo na maduka.

Kuna pia udhaifu wa mamlaka zenyewe. Njia moja ya mwendokasi inapita katika halmashauri tatu, yaani Ubungo, Kinondoni na Jiji la Dar es Salaam, na kila moja ina ofisi yake ya mipango miji na kamati yake ya vibali. Jiji lilikaa na mpango kabambe wa 1979 kwa miongo kadhaa, ukazeeka ukiwa bado unatajwa ofisini, kabla ya kuandaliwa ule wa 2016–2036. Mipango ya uendelezaji upya wa maeneo kama Kariakoo ilifungua milango ya majengo marefu, lakini ilichofungua ni urefu tu. Haikumwambia mwenye kupewa ghorofa nane mahali palipokuwa na nyumba ya chini kwamba analipa nini kwa mfereji, kwa bomba la majitaka, kwa barabara ambayo sasa itabeba watu mara kumi ya wale wa awali. Ada ya kibali cha ujenzi haifanani hata kidogo na thamani ya kitu alichokabidhiwa.

Matokeo ya urefu usio na usimamizi tumeyazika wenyewe. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa likaporomoka Kariakoo asubuhi ya siku ya biashara, zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha, na waokoaji wakachimba kifusi kwa siku kadhaa wakifuata sauti za waliofukiwa. Wenzetu wa Nairobi wana kumbukumbu yao ya Huruma, Aprili 2016, ambako zaidi ya watu 40 walikufa katika jengo moja la wapangaji lililosimama kando ya mto. Haya yote yatatumiwa na watakaosema kwamba ghorofa ni hatari. Tunawajibu mapema kwamba anayeua ni msingi usiokaguliwa, zege lililopunguzwa saruji, sakafu iliyoongezwa bila mhandisi, na ofisa aliyepita nje ya uzio akaandika kwamba amekagua.

Miji mingine imepita njia hii na inaweza kutufundisha, kwa mema yake na kwa makosa yake. Curitiba, Brazil, ilianza kutenga njia za mabasi yaendayo haraka mwaka 1974, na tangu mwanzo iliamua kwamba majengo marefu yasimame kandokando ya njia hizo na si kwingine. Mabasi yakapata abiria, na abiria wakapata makazi. Sisi tumeiga basi na tukaacha nyumba.

São Paulo, mji mkubwa kuliko yote nchini humo, ulikwenda mbali zaidi katika mpango wake mkuu wa 2014. Huko mwenye kiwanja cha mita za mraba 1,000 ana haki ya kujenga eneo la sakafu la mita za mraba 1,000, popote alipo mjini. Akitaka zaidi, anainunua haki hiyo kutoka kwa manispaa. Karibu na njia za treni na mabasi anaweza kufika mara nne ya ukubwa wa kiwanja chake, lakini analipia. Fedha zinaingia kwenye mfuko maalumu wa maendeleo ya mji, na sheria imetenga sehemu ya mfuko huo kwa ajili ya ardhi ya makazi ya wenye kipato cha chini na sehemu nyingine kwa usafiri wa umma, baiskeli na njia za miguu. Miradi mikubwa inayozidi mita za mraba 20,000 inatakiwa kuchangia makazi ya watu hao kwa kiasi cha asilimia 10. Hakuna anayebembelezwa na hakuna anayependelewa, maana kanuni ni moja kwa wote.

Hata hivyo São Paulo pia imeonja uchungu wa kulegea. Baadhi ya nyumba zilizojengwa kwa motisha iliyokusudiwa watu wa kipato cha chini ziliishia mikononi mwa wawekezaji na wapangishaji wa muda mfupi, na manispaa ikalazimika kuchunguza na kutoza faini. New York ilipata funzo kama hilo zamani. Kanuni zake za 1961 ziliwaruhusu wajenzi waongeze eneo la sakafu iwapo wangeacha uwanja wa wazi kwa ajili ya umma. Majengo yalipanda kweli. Lakini uchunguzi ulioongozwa na Jerold Kayden na kuchapishwa mwaka 2000 ulipitia maeneo 503 ya aina hiyo na kukuta kwamba asilimia 41 yalikuwa na manufaa kidogo mno kwa umma. Mjenzi alichukua ghorofa zake zote, umma ukaachiwa sakafu tupu isiyo na hata benchi. Motisha isiyofuatiliwa hugeuka zawadi.

Kwa hiyo tunataka nini Dar es Salaam? Tunataka kanuni ndogo zinazotungwa na halmashauri zote tatu kwa maneno yaleyale, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, zikiwa na mambo yafuatayo.

Kwanza, mipaka ya ukanda ichorwe. Tunapendekeza mita 500 kutoka kila kituo, umbali ambao mtu mzima anautembea kwa dakika chache. Ndani ya ukanda huo kila mwenye kiwanja awe na haki ya msingi ya kujenga, tuseme, ghorofa nne bila kuomba upendeleo wa mtu, mradi ramani zake zimekidhi masharti ya usalama. Juu ya hapo, hadi kikomo kitakachotajwa kwa kila kituo, anunue. Bonde la Msimbazi na maeneo yote ya mafuriko yatolewe kwenye ukanda huo bila mjadala. Jangwani, ambako karakana ya mabasi yenyewe imemezwa na maji mara kwa mara, si mahali pa kumpa mtu motisha ya kujenga chochote.

Pili, bei ya ghorofa za nyongeza ilipwe kwa njia mbili tu. Ama mjenzi atoe sehemu ya vyumba vipangishwe kwa kodi iliyokubaliwa na halmashauri kwa muda usiopungua miaka 20, au alipe fedha kwenye mfuko wa ukanda husika. Mfuko huo ujenge mabomba ya majitaka, mifereji, taa na njia za miguu za ukanda uleule, na usiguswe kununulia magari wala kulipia posho za vikao. Wakazi wa Manzese wakiona fedha za ghorofa za Manzese zimejenga mfereji wa Manzese, hawatahitaji semina ya kuelimishwa.

Tatu, bomba litangulie ghorofa. Ni sehemu ndogo tu ya wakazi wa jiji hili waliounganishwa na mtandao wa majitaka, na wengine hutegemea mashimo na magari ya kunyonya. Jengo la kaya 60 haliwezi kusimama juu ya shimo lililochimbwa kwa ajili ya kaya sita. DAWASA itamke kwa maandishi, kituo kwa kituo, ukanda unaweza kupokea kaya ngapi kwa mabomba yaliyopo na ngapi yakipanuliwa, na vibali vifuate kauli hiyo. Kilimani, Nairobi, ni onyo tosha: nyumba za bustani ziligeuzwa minara ya makazi, na wakazi wakaachwa wakilalamikia majitaka na kutegemea visima.

Nne, wenye nyumba wadogo wawe wabia, wasiwe wahanga. Viwanja vya Manzese na Magomeni ni vidogo, na jengo la maana linahitaji viwanja vitatu au vinne viunganishwe. Halmashauri ziwape ghorofa moja au mbili zaidi majirani wanaoungana kwa hiari yao, na ziwape mwanasheria na mthamini kabla hawajatia saini na mwekezaji. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila mmoja apate hati ya sehemu yake ghorofani. Bibi aliyerithi nyumba ya vyumba sita kutoka kwa mumewe na anayeishi kwa kodi yake anaweza kuwa na hati ya nyumba tatu ghorofani, moja ya kulala na mbili za kupangisha. Asipolindwa atasainishwa makaratasi asiyoyaelewa, apewe fedha za kumalizika kwa mwaka mmoja, kisha atafutiwe kiwanja Mkuranga.

Tano, mpangaji atambuliwe. Katika mijadala yote ya ubia mpangaji hatajwi, ingawa ndiye mwenye idadi kubwa katika mitaa hiyo. Apewe notisi isiyopungua miezi sita, arudishiwe kodi aliyolipa mbele, na awe wa kwanza kwenye orodha ya vyumba vya kodi nafuu jengo likikamilika. Serikali ya mtaa inawajua wapangaji wake kwa majina, hivyo orodha iandaliwe huko, ibandikwe ukutani, na isibadilishwe baada ya kubandikwa.

Sita, kila sakafu ikaguliwe na mhandisi anayetaja jina lake. Msingi usipopitishwa, nguzo zisisimame. Ghorofa ya tatu isipopitishwa, ya nne isimwagwe zege. Jina la mhandisi, mkandarasi, idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa na tarehe ya ukaguzi wa mwisho vionekane kwenye bango nje ya eneo la ujenzi, ili hata muuza chipsi wa jirani aweze kuhesabu sakafu na kupiga simu zikizidi. Atakayeongeza ghorofa bila kibali asitozwe faini na kuachwa. Aibomoe ghorofa hiyo kwa gharama zake.

Saba, kodi igeuzwe. Ndani ya ukanda, kiwanja kilichopimwa na kuachwa kitupu kitozwe zaidi kila mwaka kinapoendelea kukaa hivyo, na jengo linalotoa vyumba vya kodi nafuu lipunguziwe kodi ya ghorofa zake. Sharti la maegesho ya magari lifutwe kwa majengo yaliyo ndani ya mita 500 za kituo, na nafasi hiyo itumike kwa maduka, zahanati na vyumba vya kulelea watoto.

La mwisho kwenye orodha ndilo la kwanza kwa uzito. Kila halmashauri iwe na daftari la wazi la ghorofa za nyongeza: nani amepewa, ngapi, wapi, kwa malipo gani, na malipo hayo yamejenga nini. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo likiwa mtandaoni na kwenye mbao za matangazo za kata, diwani hatakuwa na la kuficha, ofisa mwaminifu atakuwa na ngao dhidi ya simu za wakubwa, na mwekezaji mkweli hatashindana tena na mwenye jamaa ofisini.

Tunazijua hoja zitakazoletwa. Itasemwa kwamba wawekezaji watakimbia wakidaiwa malipo. Wakimbilie wapi? Njia za mwendokasi hazihamishiki, na mtu anayefuata thamani iliyotengenezwa kwa fedha za umma hana sababu ya kukataa kurudisha sehemu yake. Kinachomtisha mwekezaji makini ni kutojua kibali kitachukua miezi mingapi na kitamgharimu kiasi gani nje ya stakabadhi. Kanuni ya wazi yenye bei inayojulikana ni nafuu kwake kuliko siri isiyo na bei.

Itasemwa pia kwamba kujenga juu kutawafukuza maskini. Hofu hii ni ya kweli, na waliobomolewa nyumba zao Barabara ya Morogoro kutoka Kimara mwaka 2017 wana kila sababu ya kutoiamini kauli yoyote ya viongozi kuhusu maendeleo. Lakini maskini tayari wanafukuzwa, kila mwezi, kwa kodi inayopanda na nyumba zinazouzwa moja moja. Wanaondoka bila fidia, bila orodha na bila haki ya kurudi. Tofauti ya pendekezo hili ni kwamba linaweka haki zao kwenye maandishi na kulifanya kila jengo refu lidaiwe vyumba vyao.

Kuna watakaosema tusubiri, kwanza halmashauri zijengewe uwezo. Kusubiri kuna gharama. Mwendokasi wa Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta unafuata nyayo za ule wa Kimara, na katika kila njia bei za viwanja hupanda kabla basi la kwanza halijapita. Ghorofa iliyokwisha kutolewa bure haidaiki tena. Tukikosa kuandika kanuni sasa, tutakuwa tumetoa bure thamani ya njia zote hizo, na watoto wetu watalipa mkopo wa barabara huku wakipanga Chanika.

Hukumu yetu ni hii. Madiwani wa Ubungo, Kinondoni na Jiji la Dar es Salaam wamechelewa, na hawana tena kisingizio. Waziri mwenye dhamana ya Ardhi na mwenzake wa TAMISEMI wawaite mezani, wawape mwaka mmoja wa fedha kutunga kanuni hizi, na katika kipindi hicho kusiwe na kibali kipya kinachozidi ghorofa nne ndani ya mita 500 za kituo chochote cha mwendokasi mpaka bei ya nyongeza iwe imetangazwa. Nawe msomaji unayeishi kwenye mitaa hiyo, nenda kwenye mkutano wa mtaa wako, muulize diwani wako kwa sauti: ghorofa zilizoota hapa jirani zimelipa nini, na fedha hizo ziko wapi? Akikosa jibu, ujue mali yako imegawiwa bila wewe kuulizwa.